Mganga wa Viungo

Asiyekujua hakuthamini. Kiilu wa Nzomo alikuwa tayari kuapa kwamba mtu aliyeitunga methali hiyo alipitia Tausa siku ya baraza, maana pale Tausa, chini ya mlima wa Mbololo, ndipo alipotambulishwa kwa watu mara ya kwanza, na ndipo alipoharibiwa jina.

Maskini, alikuwa amejiandaa. Wiki nzima chumbani mwake huko Voi, nyuma ya stesheni, alikuwa ameirudia hotuba yake mbele ya kioo cha kunyolea. Jina lake. Masomo yake. Miaka mitatu katika hospitali kubwa ya Nairobi, akifundishwa na mama mmoja wa Kizungu jinsi ya kuamsha misuli iliyolala, kunyoosha goti lililokakamaa, kumfundisha aliyepooza kusimama tena. Kwa Kiingereza kazi hiyo ina jina refu linalojaza kinywa. Kwa Kiswahili hakuna aliyekumbuka kuipa jina. Basi karani wa chifu, bwana mmoja wa haraka haraka aliyekuwa na njaa zake, akamshika Kiilu bega, hakumpa hata nafasi ya kusafisha koo, akatangaza: "Huyu ni mganga wa viungo. Ametoka Ukambani."

Ala! Mganga, halafu Mkamba, kwa pumzi moja! Mwaka ule wa hamsini na saba Mtaita wa mlimani alijua mambo mawili juu ya Mkamba: kwamba ni hodari wa kuchonga, na kwamba uganga wake si wa kuchezea. Wazee wa kanisa waliokaa mbele wakakunja nyuso kama waliotafuna kwinini. Na kule nyuma mama mmoja mwenye kikapu akapaza sauti: "Viungo gani hivyo? Bizari unayo? Iliki je?" Baraza zima likaangua kicheko. Kiilu akasimama pale, hotuba yake imemkwama kooni, akitabasamu kwa meno tu.

Tangu siku hiyo hakupumua. Akipita na baiskeli yake, watoto wanamfuata: "Bizari! Bizari!" Waliomtafuta kwa hiari walikuwa ndio hasa asiowataka. Mtu mzima na akili zake, ana kesi ya shamba, anataka dawa ya kumfunga hakimu mdomo. Kiilu akimweleza kwamba yeye si mganga, yule anamkonyeza. "Naelewa, bwana. Mambo haya hayasemwi hadharani."

Akajaribu kubadilisha jina. Akajiita mkandaji, na hapo nusura apigwe. Watu wanamjua mkandaji. Ni bibi kizee anayewakanda wanawake waliojifungua. Sasa mwanamume wa miaka thelathini, misuli imemtuna, anatangaza kwamba anapita nyumba kwa nyumba kukanda! Waume za watu wakaanza kumtazama kwa jicho jingine. Akajiita fundi wa miguu; mzee mmoja akamletea kiatu kilichotoboka. Cheka ukitaka, lakini Kiilu hakucheka. Usiku alilala na hasira, asubuhi akaamka nayo, akanywa nayo chai. Alikuwa amesoma, mikono yake ilijua kazi, na kule juu mlimani kulikuwa na mtoto mmoja ambaye kila siku ya mzaha ilikuwa ikimwibia.

Mtoto huyo aliitwa Wakesho, msichana wa miaka sita. Homa ya kupooza ilimkamata wakati wa mvua za vuli. Daktari wa hospitali ya Voi, alikofanyia kazi Kiilu, alimpokea, akasema uhai upo, kilichobaki ni mguu wa kushoto, na mguu ni kazi ya Kiilu. Lakini mara tu homa iliposhuka, watu wake walimbeba wakarudi naye Mbololo, ikabidi Kiilu amfuate huko huko. Misuli ya mbele ya paja ilikuwa imelala, ile ya nyuma inavuta, na goti lilikuwa limeanza kujikunja. Goti la namna hiyo ni kama ngozi mbichi. Ukiiacha ikaukie katika mkunjo, basi ndivyo itakavyokaa. Lilitaka vitambaa vya maji moto, kunyooshwa pole pole kila siku, na banzi la mbao la kuufunga mguu usiku usirudi. Likiwahiwa, mtoto atatembea. Likiachwa, atatambaa maisha yake yote. Hakuna uganga hapo.

Baba yake Wakesho alikuwa kazini relini, Mtito Andei, akirudi nyumbani mara moja moja. Mama yake, Margaret, alikuwa mke kijana ambaye bado alimwinamia mama mkwe akipita. Aliyekuwa na neno katika boma lile ni mama mkwe mwenyewe, Tryphena, mjane, Mkristo wa siku nyingi, mwenye kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa na macho yasiyo na haraka.

Siku ya kwanza Kiilu alipopanda, Tryphena alimkaribisha vizuri sana. Akampa kigoda, akampa kimanga cha moto, mihogo iliyopondwa na maharagwe, kwenye sahani ya bati, akamngoja ale. Kisha Kiilu akasimama, akatoa hotuba yake yote, tangu Nairobi mpaka banzi. Wakati wote huo Wakesho alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya ukuta, mguu wake mmoja umejikunja, akimkodolea.

"Wewe ndiye Bizari?" mtoto akauliza.

Kiilu akatabasamu kwa meno. Tryphena akamtazama yale meno, akaitazama na mikono yake.

"Mikono hiyo, baba, umepewa na nani?"

"Nimesomea, nyanya. Nimefundishwa hospitali."

"Hospitali si mtu."

"Nilifundishwa na Mzungu. Miaka mitatu."

"Na kabla ya Mzungu?"

"Kabla ya Mzungu sikujua kitu," akasema Kiilu, akaona swali lenyewe ni la kipumbavu.

Tryphena akatikisa kichwa taratibu. "Tumekusikia, mwanangu. Nenda salama. Siku nyingine utakuja."

Kiilu alishuka mlima akipiga mluzi. Hakujua, kwa sababu hakuna aliyemwambia, kwamba Mtaita mwenye adabu zake hakutupii hapana usoni. Anakwambia siku nyingine.

Siku nyingine alikuja, akaambiwa tena siku nyingine. Hakumgusa mtoto hata kwa ncha ya kidole. Hapo akaanza kuelewa, au akadhani ameelewa: ni ule uganga, ni ule Ukamba, ni yule karani mwana wa mbwa! Basi akaenda kumtafuta Zephaniah, mwalimu wa dini, mtu mpole mwenye kikohozi, akambembeleza apande naye kumshuhudia. Zephaniah akapanda, akasimama uani pa Tryphena, akasema, "Mama Tryphena, nimemwuliza kijana huyu, ni Mkristo wa kubatizwa, anajua Amri zote kumi." Tryphena akasema amefurahi kusikia. Akawapa wote chai. Akawaambia waende salama, siku nyingine watakuja.

Safari iliyofuata Kiilu alibeba cheti chake, na hakukibeba mfukoni. Alikuwa amekitia fremu ya mbao na kioo kwa Mhindi mmoja pale Voi, basi akakifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira mpaka Tausa, kisha akakipandisha mlima mzima kwapani, jua la Februari likimchoma kisogo, watu mashambani wakisimama na majembe yao kumwangalia Mkamba anayepanda na picha. Tryphena alikipokea kwa mikono miwili. Akakigeuza huku na huku. Akaona sura yake mwenyewe kwenye kioo, akajirekebisha kitambaa.

"Karatasi nzuri," akasema. "Itundike kwako ukutani."

Goti la Wakesho lilikuwa limepanda. Hata kwa mbali Kiilu aliliona. Juzi kiganja kingepita chini yake; leo ngumi ilipita. Mtoto alikuwa amejifunza kujiburuta kwa makalio na mkono mmoja, na alijiburuta kwa kasi, akicheka, anamfukuza kuku. Margaret aliangalia pembeni. Kiilu akachukua cheti chake akaondoka bila kuaga vizuri, na alipofika kwenye miwa akakitupa chini. Kioo kikapasuka. Akainama kukiokota, akajikata kidole, akatukana kwa Kikamba maneno ambayo Zephaniah asingeyaweka kwenye zile Amri kumi.

Mara ya tano alipanda mikono mitupu. Margaret alimwona kutoka kwenye mfereji wa maji, akaweka mtungi chini, akamkimbilia kabla hajafika uani.

"Bwana Kiilu, ngoja. Usimwambie kwamba ni mimi niliyekwambia." Alikuwa anahema. "Unafikiri mama anakukataa kwa sababu ya ule uganga? Si hivyo. Uganga anaucheka. Wala si kwa sababu wewe ni Mkamba, mkwe wa dada yake ni Mkamba."

"Sasa ni nini?"

"Anasema una hasira. Anasema tangu siku ya kwanza unacheka na meno, lakini moyoni unachemka. Kwetu mtu wa namna hiyo hashiki mtoto. Hata awe mzazi. Hasira ya moyoni inamwingia mtoto, inamharibu. Hata ile homa mama anaogopa ililetwa na..." Akatazama nyuma. "Yeye na mume wangu hawakuachana vizuri alipoenda relini. Basi hataki hasira nyingine humu."

Kiilu alisimama kama aliyepigwa kofi. Hasira! Yeye! Baada ya miaka mitatu ya masomo, na mlima mara tano, na fremu, na kidole kilichokatika! Akampita Margaret, akaingia uani kwa hatua ndefu, akasimama mbele ya Tryphena aliyekuwa akipepeta mbaazi.

"Nani amesema nina hasira?" akapiga kelele, kuku wakaruka pande zote. "Mimi sina hasira! Nimekuja hapa kwa upole, nimekula chakula chenu, nimesema 'nyanya' hivi, 'nyanya' vile! Sina hasira hata kidogo!"

Wakesho akaangua kicheko. Tryphena alijaribu kujizuia, akashindwa, ungo ukamtikisika mapajani mpaka mbaazi zikamwagika.

"Kweli, mwanangu," akasema akijifuta machozi. "Nimeona huna."

Kisha akaacha kucheka, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwelekeza mtu njia ya kisimani. Wadawida, ndio Wataita wenyewe, wana neno lao, kutasa. Mtu anatia maji kinywani, anayapuliza nje, anasema lililo moyoni, lote, bila kulipaka sukari, kisha anaomba lisimdhuru mtu. Zamani ilikuwa kwa maji ya miwa au pombe. Yeye ni mtu wa kanisa, hutumia maji matupu. Mwalimu Zephaniah anajua, naye hujifanya hajui. "Keti mlangoni, utazame nje. Maji nitakupa mimi. Ukimaliza, mtoto huyo hapo."

Kiilu alimsikiliza, na uso wake ukawa mgumu. Alilelewa misheni huko Kikumbulyu, Ukambani. Huko mtu aliyetema mate na kunuiza alisimamishwa mbele ya kanisa.

"Nyanya, mimi ni mtu wa hospitali na ni Mkristo," akasema. "Sifanyi mambo ya waganga."

Mkuki kwa nguruwe mtamu! Neno lile lile lililomkosesha usingizi, lililomfanya atupe cheti chake kwenye miwa, sasa amelitoa mwenyewe kinywani akamtupia mwanamke wa watu, nyumbani kwake, mbele ya mjukuu wake. Na hakulisikia. Aliyelisikia ni Tryphena. Akaokota mbaazi moja moja, akazirudisha kwenye ungo.

"Nenda salama, mwanangu," akasema. Safari hii hakumwambia siku nyingine.

Hakurudi. Alisema ni mvua. Masika yalikuwa yameingia kweli, barabara ya Tausa ilikuwa tope linalomeza gurudumu, na mito midogo ilishuka Mbololo imebeba mawe. Lakini mvua haikunyesha kila siku, na Kiilu alijua haikunyesha kila siku. Siku zenye jua alikaa pale hospitalini Voi akinyoosha vidole vya mfanyakazi wa reli aliyebanwa na behewa, akijiambia kwamba hawezi kumlazimisha mtu, kwamba yeye amefanya sehemu yake, kwamba wakitaka watamleta. Aliyasema hayo kwa sauti, peke yake, akinyoa.

Kilichomrudisha ni jambo dogo. Yule mfanyakazi wa reli, mtu wa Ndara mwenye maneno mengi, alikuwa akinyooshwa vidole siku moja akapiga ukelele. "Taratibu, bwana! Leo umeamka na nani? Unanishika kama una kisa na mimi!" Kiilu akaiachia ile mikono. Akaitazama yake. Ilikuwa imekaza, vidole vimejikunja vyenyewe. Kumbe yule bibi aliona kweli. Akaketi kwenye benchi, mfanyakazi wa reli akidhani amemwudhi.

Kesho yake akapanda. Hakuna fremu, hakuna Zephaniah, hakuna hotuba. Ni mkoba tu, na ndani yake vipande vya blanketi na banzi alilolichonga mwenyewe. Alifika amelowa mpaka kiunoni. Tryphena alikuwa jikoni. Akamwona mlangoni, hakushangaa wala hakumkaribisha.

"Nyanya, nilikutukana," Kiilu akasema. "Nilikuita jina ambalo mimi mwenyewe likinigusa nawaka. Naomba maji."

Tryphena akateka maji kwenye kibuyu. Akamwonyesha kizingiti. Kiilu akaketi, akatazama nje kwenye migomba inayodondoka matone, akatia maji kinywani, akayapuliza. Alijiona mjinga kupita kiasi.

"Mimi ni Kiilu wa Nzomo," akasema. "Nimesomea miaka mitatu katika hospitali kubwa ya..."

"Hiyo ni hotuba," Tryphena akamkata. "Nimeshaisikia. Tia mengine."

Akatia mengine. "Nina hasira na karani wa chifu," akasema, na maji yakamtoka kidevuni. "Nina hasira na yule mama wa kikapu. Nina hasira nanyi nyote mliocheka. Nina hasira na Mzungu aliyenifundisha, aliyenishika mikono hii miaka mitatu kila siku, na mpaka siku ya mwisho akaniita boi." Akatia maji tena, mengi, nusura yampalie, akayapuliza mbali mpaka kwenye migomba. "Nina hasira na wewe, nyanya! Mtoto anaharibika mbele ya macho yako na wewe unaniuliza mikono nimepewa na nani! Utaulizaje hivyo!"

"Nakuuliza tena," akasema Tryphena nyuma yake. "Umepewa na nani?"

Hapo jibu likamtoka, bila maji, wala si kwa kelele.

"Syokau," akasema. "Nyanya yangu, mama ya baba. Aliunga mifupa ya watu wote wa Kikumbulyu. Mchana walimwita mchawi, jioni wakamletea watoto wao waliovunjika. Alikuwa akinishika vidole, ananiwekea kwenye mfupa, ananiambia, sikiliza hapa. Misheni wakatukataza kumsalimia. Alipokufa, waliomzika ni watu wanne. Kila niulizwapo nimesoma wapi nasema Nairobi. Kila nikiitwa mganga naona wananivua nguo, naona wamemwona yeye. Hiyo ndiyo hasira yangu. Itoke. Isimguse mtoto huyu."

Mvua ilikuwa imekatika. Margaret alikuwa amesimama na mwiko mkononi, mboga zikiungua, hakuna aliyezijali.

"Syokau," Tryphena akalirudia jina, pole pole, kama anayejifunza jina la mgeni mezani. "Haya. Sasa umefika, Kiilu wa Syokau. Margaret, chemsha maji ya vitambaa. Mlete mtoto."

Wakesho akaletwa, akalazwa kwenye mkeka karibu na moto. Kiilu akaipasha mikono yake. Ilikuwa imelegea, mizito kidogo, kama ya mtu aliyeamka usingizini. Akaweka mmoja chini ya paja na mwingine kisiginoni, akamwambia mtoto apumue, akanyoosha taratibu, akisikiliza kwa vidole.

Goti likasogea kidogo. Likasimama.

Akangoja. Akaweka vitambaa vya moto, akangoja tena, akajaribu. Likafika pale pale likagota, na kule kugota si kwa misuli iliyokaza. Misuli iliyokaza hubembelezwa, mwishowe hulegea. Hili lilikuwa gumu, kavu, kama mlango uliofika mwisho wa bawaba. Alilijua. Mzungu alikuwa amemfundisha kulijua, na kabla ya Mzungu, Syokau. Ngozi ilikuwa imekaukia katika mkunjo wake.

"Litanyooka?" Wakesho akauliza. Alikuwa amekishika kidole cha Kiilu, kile chenye kovu la kioo.

Tryphena na Margaret walikuwa wameinama juu yake. Kiilu aliwaza kusema tutaona. Aliwaza kusema siku nyingine.

"Kidogo," akasema. "Nitakuja kila juma. Tutafunga banzi, tutanyoosha, utasimama, utatembea na gongo. Lakini goti lote halitanyooka, Wakesho. Lingenyooka kama tungeanza kabla ya masika."

Margaret akaketi chini pale pale alipokuwa. Hakulia kwa sauti.

Kiilu akaendelea kukishika kisigino. Aliisikia hasira ikipanda: mara tano! Mara tano alipanda mlima huu, mikono yake ikiwa tayari, na bibi huyu akampa chai! Na mara tu baada ya hiyo ikafuata nyingine, mbaya kuliko ya kwanza: zile siku za jua, alizokaa Voi akinyoa na kujitetea. Vidole vyake vikaanza kukaza. Mtoto akajikunyata. Kiilu akauweka ule mguu chini, taratibu, akaondoa mikono yote miwili.

"Nyanya," akasema, na sauti yake haikuwa nzuri kuisikia. "Naomba maji tena."

Kibuyu kilikuwa kitupu. Tryphena alikigeuza, akakitazama ndani. Kisha akajishusha, kwa magoti yake mazee, akaketi kwenye kizingiti kando ya pale alipokuwa ameketi Kiilu, akamnyooshea Margaret kibuyu.

"Kijaze mpaka juu," akamwambia. "Tuko wawili."